Ng'ombe wa Maziwa Kwenye Madai ya Bima

Habari za msiba zilinikuta gereji, hapa Karatu mjini, nikiwa nimesimama namsubiri fundi atoke chini ya kigari changu aniambie leo kimepata ugonjwa gani mpya. Alitoka, akafuta mikono, na badala ya kunitajia vifaa vya kununua akasema kwamba yule mama aliyekuwa akituuzia bima amefariki alfajiri, hospitali Arusha, kwa presha. Nilikaa juu ya tairi bila kutazama kama ni safi. Tulikuwa tumeongea kwa simu siku chache tu nyuma, akanicheka kwa sababu nilikosea kutaja namba ya gari langu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kukemea na kucheka kwa mkupuo mmoja. Kabla sijainuka, madereva waliokuwa pale wakaanza kuulizana, na hapo ndipo udaku wangu wa kazini ulipoamka. Mtu akifa huku kwetu tunauliza ameacha watoto wangapi na maziko ni lini. Hawa waliuliza: sasa madai yangu atayafuatilia nani? Mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Ngorongoro, shuka begani na funguo za pikapu mkononi, aliuliza kwa ufupi kuliko wote. "Na mguu?" alisema. Mimi nilijua ni mguu gani, na wasomaji wangu mtaujua pia, maana siwezi kumkumbuka marehemu bila kuusimulia.

Nilimfahamu kwa sababu ya ubahili wangu. Bima ya gari ilikuwa inakaribia kuisha, na mimi nilikuwa nimeshazunguka kwa mawakala wa mjini na kukusanya bei kama mtu anayetafuta mahari ya kupunguziwa. Mtu akanielekeza kwenye chumba kidogo ubavuni mwa duka la pembejeo, barabara kuu ile wanayopita watalii kwenda geti la Ngorongoro. Nilimkuta mama wa makamo, mwenyeji wa Mbulu, kitenge kiunoni, miwani juu ya kichwa, anamenya njugu. Nikamwaga bei zangu mezani kwa majigambo. Akazisikiliza zote mpaka mwisho, akatema ganda, akaniuliza, "Mwandishi, wewe unataka bima au unataka kitu cha kumwonyesha trafiki?" Nikamwambia vyote viwili, kwa bei ya kimoja. Alicheka mpaka miwani ikamdondokea puani. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa wakala yeyote: akachukua simu, akaweka spika ya nje, akaanza kuzipigia kampuni moja baada ya nyingine mbele yangu.

"Marahaba, hata kama hujaniamkia," ndivyo alivyoanza na kila aliyepokea. "Nina mteja hapa. Sasa nieleze, akigonga mtu Mang'ola siku ya gulio, mnamtuma nani, na huyo mtu anafikaje?" Kampuni ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa na bei ya chini kabisa, ilijibu kwamba mteja atapiga picha na kuzituma kwa mtandao. "Mtandao wa Mang'ola unaujua wewe?" akauliza, akakata. Ya pili ilituwekea muziki tukausikiliza hadi njugu zikaisha. Ya tatu alipokea kijana wa Arusha ambaye kwa sauti yake alikuwa na chakula mdomoni. Akameza, akafikiri, akasema, "Mama, mimi ndiye ofisa madai wa kanda hiyo. Nitakuja mwenyewe. Nikikosa gari la ofisi nitadandia lori la vitunguu." Mama akafunika simu kwa kiganja, akaniambia kwa mnong'ono uliosikika hadi dukani, "Huyu." Bei yake haikuwa ndogo kuliko zote, ila haikuwa ya kuniua. Nilinung'unika, nikalipa, na kuanzia siku ile nikawa napitia pale hata nisipokuwa na shida, kwa sababu mtu mwenye kazi kama yangu hawezi kupita mahali penye spika ya nje asisimame.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba bei za bima tunazozilinganisha mara nyingi si bei za kitu kimoja. Unakuta mtu anatamba kwamba kapata nafuu, kumbe gari lake limeandikwa la kutembelea na yeye kila wiki analijaza magunia. Siku likipinduka, kampuni itamuuliza magunia yalikuwa yanatembea kwenda wapi. Mama alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Siku mzee yule mfugaji alipokuja kukatia bima pikapu yake, nilikuwepo, nimejikunja kwenye kona na chai yangu. "Mzee wangu, gari hili linabeba nini?" mama akauliza. "Linanibeba mimi," mzee akajibu. "Na mbuzi je?" "Mbuzi wanapanda wenyewe." Tulicheka sote, na mzee mwenyewe akiwemo, lakini mama hakulegea: akamwandikia bima ya gari la mizigo, ile ndogo, ambayo haitengenezi gari lako bali inamgharamia mtu wa nje uliyemuumiza. Mzee alitoa fedha kwa uso wa mtu anayenunua mvua. Kabla hajaondoka mama akamshika mkono. "Baba, nisikilize. Ukigonga mtu, mpeleke hospitali, kisha nipigie. Usiahidi kitu, usilipe kitu, usiseme kosa ni la nani. Nipigie kwanza." Mzee akaitikia kwa heshima, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Nimesikia, yeyo." Na kweli alisikia. Tatizo ni kwamba kusikia na kuweza ni mambo mawili.

Haukupita muda mrefu. Mzee alikuwa ameshuka Mang'ola kuuza mbuzi, barabara ile ya kandokando ya mfereji, vumbi la malori ya vitunguu limetanda, na kibarua mmoja wa mashambani, mtu wa Singida aliyekuja na mke na watoto kufuata msimu, akakatiza na baiskeli. Pikapu ikamchukua mguu. Mzee akashuka, akamkuta ameshikilia goti anapiga kelele, watu wameshaanza kukusanyika na majembe mikononi. Sasa hapo, wasomaji wangu, jiulizeni ninyi mngefanya nini. Mzee alifanya alichofundishwa tangu utoto. Alivua shuka akamfunika majeruhi, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Nimekosa mimi." Majembe yakateremka. Akambeba hadi hospitali huku Karatu. Kesho yake akapeleka kondoo dume, achinjwe, mgonjwa anywe supu yenye mizizi ya dawa, kwa kuwa kwao mtu aliyevunjika haachwi na uji wa hospitali tu. Kisha akaenda kwa mkwe wake anayefuga upande wa Baray, akatoa ng'ombe mmoja mwenye ndama, akampeleka kwenye kibanda cha yule kibarua ili watoto wanywe maziwa wakati baba yao amelala. Alipokwisha kumaliza yote hayo, moyo wake umetulia, ndipo akampigia mama wa bima.

"Yesu wangu!" nilimsikia mama akisema. "Ina maana umeshalipa?" Sauti ya mzee ikatoka kwenye spika kwa utulivu wa ajabu. "Sijalipa, yeyo. Nimemsaidia tu." Mama akaketi. Aliniambia baadaye kwamba palepale aliona jibu litakalotoka Arusha, na ndilo lililotoka. Yule ofisa alikuja kama alivyoahidi, tena kweli kwa lori la vitunguu, akatazama mahali, akaongea na watu, akamwona mgonjwa. Ila wakubwa wake walipoisoma taarifa walikataa. Mteja amekiri kosa hadharani, walisema, na ameshamaliza mambo na majeruhi kwa ng'ombe na kondoo bila ridhaa ya kampuni; masharti yanasema akifanya hivyo, kampuni haimo. Wakati huohuo daktari alikuwa amesema mfupa umekaa vibaya. Upasuaji wa pili, wa kuwekewa chuma, ulihitajika haraka, la sivyo mguu ungeganda ulivyo. Kibarua wa vitunguu anashinda amechuchumaa kwenye matuta. Mguu usiokunjika maana yake kazi hana. Mzee alikuwa ameshauza mbuzi wake kwa ajili ya upasuaji wa kwanza. Cha kuuza kwa wa pili kilikuwa ni wale mafahali wawili aliowaweka kwa harusi ya mwanawe.

Niliwakasirikia sana watu wa kampuni, na nikamwambia mama nitawaandika gazetini mpaka wajute. Akanituliza. "Andika, lakini fikiri kwanza," alisema. "Kesho watu kumi wataleta ng'ombe hewa. Mmoja atasema nimemlipa jirani fahali, nirudishieni. Wao watamjuaje?" Nilikubali shingo upande, kwa sababu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nataka tu kugomba. Lakini yeye hakuishia hapo. Alikaa siku nzima akimhoji mzee kuhusu yule ng'ombe, na mimi nikawa nashangaa anatafuta nini. Ng'ombe ni wa nani? Wa mzee. Ndama akikua? Wa mzee. Yule wa Singida anaweza kumuuza? Haiwezekani, hata kufikiri hivyo ni aibu. Sasa ni wa nini? Mzee akaeleza kama unavyomweleza mtoto: ni wa maziwa. Ukimtia mtu kilema nyumba yake inakosa chakula, kwa hiyo unampelekea ng'ombe wa kukamua, na akishasimama ng'ombe anarudi zizini. Malipo ya kosa ni jambo jingine kabisa, hayo wanakaa wazee, na wazee hawajakaa. Mama akapiga meza kwa furaha. "Ni wa kuazimwa!" akapaza sauti. "Mwandishi, umesikia? Malipo gani hayo yanayorudishwa?"

Akapiga Arusha, spika ya nje, na mimi nimeshikilia kikombe kitupu. Yule ofisa alimsikiliza vizuri, akaenda kwa mkubwa wake, akarudi hewani na sauti ya mtu aliyebeba ujumbe asioupenda. "Mama, mkubwa anasema, la kukiri ataliachia, ila kama ng'ombe ni wa kuazimwa, basi arudishwe kwa mwenyewe. Akisharudi tukaona, tutafungua madai upya." Ilionekana ni jambo dogo. Mama alishangilia, akamwita mzee, akamwambia kamchukue ng'ombe wako kesho, tumemaliza. Mzee alitikisa kichwa. "Haiwezekani, yeyo," alisema. "Mtu bado amelala. Nikatoe maziwa mdomoni mwa watoto wake? Nitaonekana mtu gani?" Mama akambembeleza, akamwambia ni wiki moja tu, akamtajia mafahali wa harusi. Mzee akasema mafahali atauza, ila ng'ombe hachukui. Na mjue yule kibarua naye aliposikia akamtuma mkewe kutoka Mang'ola aje aseme wako tayari, ng'ombe achukuliwe hata leo. Mke huyo alikaa pale mlangoni na mtoto mgongoni. "Sisi tutakunywa chai ya rangi, dada, hatufi," alisema. "Bora mume wangu atembee." Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba ng'ombe hafukuzwi na njaa ya aliyemtoa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilirudi nyumbani siku ile kichwa kinaniuma, nikijiuliza ni lini nimewahi kuona watu watatu wanagombana hivyo, kila mmoja akimtetea mwenzake. Tangu hapo jambo hili halijaniacha. Zamani, kabla ya kampuni kufika huku, bima ya mtu ilikuwa ukoo na rika lake. Ukipoteza mifugo wanakuchangia, ukimuumiza mtu wanakaa nawe kulifuta kosa. Na sharti la kwanza la bima ile lilikuwa kukiri. Usipokiri hakuna anayekaa nawe. Sasa tumenunua bima nyingine, ambayo sharti lake la kwanza ni kufunga mdomo. Ninaelewa kwa nini kampuni inataka hivyo, nimeshaeleweshwa. Ila nashangaa kwamba katika matangazo yote ya bima nafuu yanayoingia kwenye simu yangu, ya kujaza namba ya gari na kuletewa bei papo hapo, sijaona hata moja linalomweleza mfugaji wa Ngorongoro kwamba siku ya ajali atatakiwa asimame mbele ya mtu anayelia na asiseme pole kwa namna anayoijua. Hilo nalo ni gharama. Halimo kwenye bei, wala hatulilinganishi.

Mama alilala na shauri hilo, kisha akapata jibu lake. Nililisikia kwa masikio yangu, ndiyo maana nalileta bila kuongeza chumvi. Alimpigia ofisa wake, hakumwachia hata nafasi ya salamu. "Mwanangu, kamwambie mkubwa wako hivi. Ng'ombe anarudi siku mgonjwa anaposimama. Ndiyo masharti ya kwao, na wao pia wana masharti kama ninyi. Mnataka kumwona anarudi? Mtibuni mguu." Yule kijana akaanza kucheka, halafu akajizuia, akasema, "Mama, hiyo nitaipeleka kama ilivyo." Akampigia kesho yake kumkumbusha, na keshokutwa, na kila siku asubuhi kabla ya chai. Alikuwa anasubiri jibu wakati presha ilipompanda. Ndivyo ilivyotokea kwamba mzee, pale gereji, alipoambiwa ameondoka, aliuliza habari za mguu. Wako waliomwona hana utu. Mimi nadhani aliuliza kitu pekee ambacho marehemu mwenyewe angekiuliza.

Tulimzika nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, watu wengi kuliko nilivyotegemea, magari yamepangwa mpaka barabarani, na fundi wangu akanong'ona kwamba kwa mara ya kwanza anaona msiba ambao kila gari lina bima halali. Siku chache baada ya kuondoa matanga, binti yake, ambaye ni mwalimu, alinipigia. Alikuwa na simu ya mama yake, na asubuhi ile, muda ule ule wa kabla ya chai, ilikuwa imeita. Ni yule ofisa wa Arusha. "Mbona mama hanipigii siku hizi?" alisema. "Nimezoea kusumbuliwa. Mwambie wamekubali, hospitali imeshapewa ruhusa, mgonjwa aingizwe." Binti akamwambia mama tumeshamzika. Anasema kijana aliomba radhi, kisha akauliza kama bado kuna mtu wa kumpelekea mgonjwa habari. Nilikwenda mimi. Niliendesha hadi Mang'ola na kigari changu kinachokohoa, nikalia njia nzima, na sioni haya kulisema.

Mguu sasa unakunjika. Mwezi uliopita yule mtu wa Singida alitoka Mang'ola kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkononi, akimswaga ng'ombe na ndama wake taratibu hadi zizini kwa mkwe wa mzee kule Baray. Ofisa alikuwa ameomba apigiwe picha ya ng'ombe akirudi, nami nikampigia. Mzee alimpokea mgeni wake, akamkalisha, wakanywa maziwa, na baada ya hapo ndipo wazee wakakaa kulizungumza kosa, jambo ambalo halituhusu sisi wala kampuni.

Bima yangu inaisha tena. Nimekusanya bei kwenye simu, zimepangika vizuri kuanzia ya chini hadi ya juu, na nimezitazama kwa muda mrefu bila kujua la kufanya. Wasomaji wangu, tafuteni nafuu, si dhambi, fedha zenyewe tunazijua. Lakini kabla hamjalipa, ulizeni jina la mtu atakayebishana kwa ajili yenu siku mtakapokuwa mmekosa kweli. Hapa Karatu tulikuwa naye mmoja, na wengi wetu tulidhani tunanunua kwake karatasi.